Somo: Majina ya mwanzo wa filamu kutokana na ngano ya Simbi Nyaima

Tutatumia Blender, programu ya bure ya kutengeneza picha na filamu za 3D, na ngano ya Ziwa Simbi Nyaima, kuhusu kijiji cha karibu na Kendu Bay, Kenya, kinachosemekana kuzama usiku baada ya bikizee kufukuzwa kwenye karamu ya pombe. Lengo ni sekunde 40, fremu 24 kwa sekunde: jumla fremu 960.

1. Isome ngano, kisha jizuie kuisimulia. Ukimwonyesha bikizee na adhabu yake, umeimaliza filamu kabla haijaanza. Chukua kitu kimoja tu, hapa ni maji yanayopanda. Chora picha sita kwa penseli (mlango, mtungi wa pombe, ngoma, kiti, moto, paa la nyasi), kila moja maji yakiwa juu kuliko iliyotangulia, na mtu asionekane popote. Hatua hii ipe muda mwingi kuliko zote. Wazo bovu halifichwi na ukungu.

2. Kila picha igawe tabaka nne: la mbele mita 2 kutoka kwenye kamera, la nyuma kabisa mita 20. Kamera isogee nusu mita tu. Ikikimbia, tabaka zitaonekana kama karatasi zilizosimamishwa.

3. Funika jukwaa lote kwa mchemraba wenye Principled Volume (mpangilio wa Blender wa kutengeneza ukungu au moshi), msongamano 0.02. Ukiiacha 1 inayokuja na programu, utaona ukuta mtupu. Taa iwe moja, nyuma ya tabaka la mwisho, kwa sababu ukungu hupendeza ukimulikwa kutoka nyuma.

4. Kila jina likae angalau sekunde 3, kisha limezwe na maji badala ya kufifia. Majina yenye ng' huacha pengo baya penye kibainishi. Sogeza herufi hizo kwa mkono.

5. Renda (toa kila fremu iwe picha kamili) kwa PNG za biti 16, kamwe si video moja kwa moja. Stima ikikatika kwenye fremu ya 700, utaanzia hapo hapo.

Sauti: rekodi mawimbi ya Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria mjini Kisumu, alfajiri, kabla boti hazijawasha injini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ukungu wangu unachemka, hautulii. Natumia Cycles, injini ya kurenda ya Blender.*
Sampuli (mara ambazo mwanga hupimwa kwa kila nukta) ni chache, kwa hiyo kiondoa chembe (denoiser) kinabahatisha upya kila fremu. Panda kutoka 64 hadi 256.

*Kwenye simu giza linatoka na michirizi ya ngazi ngazi.*
Video ya biti 8 ina vivuli vichache vya weusi. Ongeza chembechembe nyepesi juu ya picha unapounganisha fremu, kabla ya kutoa video. Usitie ukungu wa lenzi, utazidisha michirizi.

*Fremu moja inanichukua dakika 2. Nitamaliza lini?*
Saa 32, dada. Shuka kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720: nukta zinapungua hadi asilimia 44, na muda unaweza kushuka karibu na saa 14. Kwa picha yenye ukungu mzito hivi, tofauti haitaonekana sana.