SOMO: Dawa za maumivu baada ya kung'oa gego, tunavyoziandika na kwa nini

Wakuu, nimechoka kuulizwa "dokta, jino lote lile umenipa panadol na brufen tu?" Naandika leo, atakayeuliza tena namtumia hapa. Ni kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine.

1. Umri, ujauzito, mzio, pumu. Naandika kwenye faili, tunaendelea.

2. Dozi ya kwanza umeze ganzi ikiwa bado ipo. Mdomo huanza kuzinduka baada ya saa tatu hivi, na kidonge nacho kinataka nusu saa mpaka saa nzima. Ukingoja likuume kwanza, umechelewa.

3. Ibuprofeni (ndiyo brufen) 400 mg kila saa 8, umeshakula. Paracetamoli (ndiyo panadol) gramu 1, yaani vidonge viwili vya 500, kila saa 6 hadi 8. Usivuke gramu 4 kwa siku. Hazigongani: ibuprofeni inazuia uvimbe palepale kwenye kidonda, paracetamoli kazi yake kubwa iko kwenye ubongo. Hata mwongozo wa chama cha madaktari wa meno cha Marekani wa 2024 unaanza na jamii hizi kabla ya dawa za afyuni, zile kali za jamii ya morfini.

4. "Unameza nini kingine nyumbani?" Hapa ndipo nilipoharibu. Mama mmoja wa makamo, gego la chini, kazi safi. Nikamwandikia diklofenaki 50 mg, bahasha ya kaki ikaandikwa 1x3, akaondoka. Sikumuuliza habari za magoti. Kumbe alikuwa na diklofenaki yake ya duka la dawa, anameza kila siku kwa ajili ya magoti hayo. Siku ya tano akarudi amepauka, choo cheusi kama lami. Tumbo lilikuwa linavuja damu. Alipona, ila tangu siku hiyo namwambia mgonjwa atoe vidonge vyote kwenye mkoba avipange mezani. Diklofenaki, ibuprofeni na meloksikamu ni ndugu, USICHANGANYE. Angalia pia vidonge vya mafua, vingi vina paracetamoli ndani. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), au mjamzito wa wiki 20 na kuendelea, ibuprofeni hapewi kienyeji.

5. Gego lililolala ndani ya mfupa, tukichimba, mara nyingine naongeza deksamethasoni kwa ajili ya uvimbe. Shavu hujaa zaidi siku ya pili na ya tatu. Usishtuke.

MASWALI

— Nimeng'oa jana, nimemeza brufen na diklofenaki pamoja, bado linauma. Niongeze ipi?
Namba 4 umeiruka. Usiongeze kitu. Acha diklofenaki, na tumbo likiuma au ukiona choo cheusi nenda hospitali usiku huohuo.

— Mbona hamtoi amoksilini na flajili? Mnabana dawa.
Antibayotiki haitulizi maumivu, mkuu. Ukiwa na usaha au homa utapewa.

— Samahani dokta, aspirini nayo si jamii hiyohiyo? Kwa nini mnaikwepa?
Swali zuri. Ni jamii moja, ila aspirini ikishaishika chembe sahani ya damu haiiachii mpaka chembe ife, kama siku 7 hadi 10. Ibuprofeni inaachia ndani ya siku moja. Na kidonda kibichi kinazihitaji chembe hizo zigandishe damu. Lakini anayetumia aspirini ndogo ya moyo asiiache mwenyewe, atuambie tu kabla. Mtoto chini ya miaka 16 asipewe kabisa.

— Siku ya nne leo, maumivu yamepanda mpaka sikioni na mdomo unanuka. Nabadilisha dawa?
Unavuta sigara?

— Mbili tu, za jana.
Bonge la damu limetoka, mfupa uko wazi. Kidonge peke yake hakitoshi, rudi tuoshe tundu tuweke dawa.

— Mimi nilikuwa nakunywa uji kwa mrija, nikapata hayohayo.
Ndiyo, kunyonya nako kunang'oa bonge. Uji uwe vuguvugu, kwa kijiko. Maji ya chumvi anza kesho yake, na usisukutue kwa nguvu; yaache yamwagike yenyewe.