Jina lako likiwa CRB: jinsi ya kulisafisha na kuanza kukopa upya nchini Kenya

Wengi hulipa deni, wakapumua, halafu siku wanapoomba mkopo kwingine wanaambiwa hawakopesheki, kwa sababu majina yao bado yana doa CRB (Credit Reference Bureau), yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu. Kulipa ni kazi moja, rekodi kuonyesha kwamba umelipa ni kazi nyingine, na hiyo ya pili mara nyingi haifanyiki mpaka uifuatilie mwenyewe. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivi kwa sababu ukizifuata kinyume, utalipia vitu usivyohitaji.

Anza na ripoti, usianze na cheti

Makosa ya kawaida ni kukimbilia saiba kuomba cheti cha CRB, kile kinachoonyesha hudaiwi, kwa kuwa mwajiri amekitaka, ilhali hujui kilichoandikwa kukuhusu. Omba kwanza ripoti kamili ya mikopo yako. Kampuni za CRB zinazojulikana zaidi ni TransUnion, Metropol na Creditinfo, zote zikiwa na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Unajisajili kwa kitambulisho na nambari ya simu iliyo kwa jina lako, ama kwa programu ya simu, ama kwenye tovuti yao, na Metropol unaipata pia kwa kupiga *433#. Una haki ya kupata ripoti moja bila malipo kila mwaka. Benki ikikunyima mkopo kwa sababu ya taarifa za CRB, una haki ya nyingine ya bure ukiiomba ndani ya siku 30.

Omba kwa zote tatu. Ni usumbufu, lakini mkopeshaji mmoja anaweza kuwa amesahihisha taarifa zako kwa kampuni moja na kuziacha vilevile kwa nyingine, na huwezi kujua benki unayoiendea itaangalia wapi.

Ripoti ikifika, isome mstari kwa mstari. Kila akaunti ina jina la mkopeshaji, tarehe ya kufunguliwa, kiasi ulichokopa, salio, siku ulizochelewa na hali ya akaunti. Hapo ndipo watu hushtuka. Mtu huona NCBA akaapa hajawahi kukanyaga tawi la benki hiyo. Kumbe ni M-Shwari, huduma ya mikopo kwenye M-Pesa, ambayo mwenyewe ni NCBA, benki iliyotokana na kuungana kwa CBA na NIC mwaka 2019. Fuliza, ile inayokukopesha salio la M-Pesa lisipotosha, nayo iko chini ya NCBA na KCB. Ukiona akaunti usiyoijua, kumbuka kwanza mikopo ya simu uliyochukua miaka iliyopita kabla hujapiga kelele za wizi.

Angalia pia yale yasiyostahili kuwemo. Kanuni za CRB za mwaka 2020 zinakataza kumripoti mtu CRB kama asiyelipa kwa deni lisilofika shilingi 1,000, na zinamtaka mkopeshaji akupe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako. Kama hukupata notisi, liandike hilo. Litakufaa ukifika kwenye malalamiko.

Lipa, lakini kwanza hesabu

Usimpigie mkopeshaji ukiuliza tu "nadaiwa ngapi?" Omba taarifa ya akaunti inayotenganisha mkopo wenyewe, riba na adhabu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kimeweka kikomo. Tuseme mkopo wako ulipokwama ulikuwa umebakiza shilingi 80,000. Riba ambayo benki inaweza kukudai juu yake haiwezi kuzidi 80,000 nyingine. Jumla basi haiwezi kupita 160,000, mbali na gharama za kufuatilia deni. Nimeona watu wakipewa hesabu mara tatu ya hiyo na wakaanza kulipa kimyakimya. Ukitaja kifungu hicho kwa maandishi, mazungumzo hubadilika haraka.

Baada ya hapo omba upunguziwe adhabu. Benki nyingi hukubali ukiwa na pesa za kulipa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu deni lililolala lina gharama kwao. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, inayotoza adhabu ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa asiyelipa, imewahi kutoa vipindi vya msamaha wa adhabu kwa wanaomaliza deni kwa pamoja, kwa hivyo uliza kabla hujaanza kulipa kidogokidogo. Makubaliano yoyote yawe kwa barua au barua pepe yenye kiasi, tarehe na maneno kwamba malipo hayo yanamaliza deni. Ahadi ya kwenye simu haina thamani siku afisa huyo akihamishwa.

Lipa kwa akaunti au paybill ya mkopeshaji mwenyewe. Kampuni za kukusanya madeni zinaruhusiwa kukupigia, lakini pesa zisiende kwa nambari ya mtu binafsi. Na yule anayekuahidi kwenye WhatsApp kwamba "ana mtu ndani" atakayefuta jina lako kwa elfu tatu, mfute wewe kwanza. Anayeweza kurekebisha taarifa ni mkopeshaji aliyezituma, na anafanya hivyo bure.

Neno moja kuhusu akaunti zilizoandikwa kwamba zimefutwa vitabuni. Huo si msamaha. Benki imeliondoa deni kwenye vitabu vyake, ila wewe bado unadaiwa.

Barua, kisha marekebisho

Ukimaliza kulipa, usiondoke bila barua ya kuthibitisha hudaiwi. Iwe na jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho, nambari ya kitambulisho, nambari ya akaunti na tarehe ya malipo ya mwisho. Katika barua pepe hiyohiyo ya kuiomba, waambie wapeleke taarifa mpya kwa kampuni zote za CRB walizozitumia. Kisha wewe mwenyewe itume barua hiyo kwa kila kampuni.

Kama akaunti bado inaonyesha deni, au kuna kosa tangu mwanzo, wasilisha pingamizi rasmi kwa CRB. Kila kampuni ina fomu yake. Ambatisha nakala ya kitambulisho, barua ya mkopeshaji na ujumbe wa M-Pesa au risiti ya benki. Eleza jambo moja kwa sentensi mbili tatu: akaunti ipi, nini si sahihi, iwe vipi. Masimulizi marefu ya dhiki ulizopitia humchosha anayesoma na kuficha hoja. CRB italazimika kumuuliza mkopeshaji na kuweka alama kwamba taarifa hiyo inapingwa. Ukipuuzwa, peleka malalamiko Benki Kuu. Na kwa kuwa hizi ni taarifa zako binafsi, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kudai zisahihishwe, na ofisi ya Kamishna wa Data hupokea malalamiko hayo mtandaoni.

Sasa omba cheti

Cheti cha CRB hutolewa pale tu ambapo hakuna deni lililokwama kwenye rekodi. Ukishaona ripoti mpya iko safi, ombi lenyewe ni jambo la dakika chache kwenye tovuti au programu ileile. Cheti cha kwanza hutolewa bila malipo kwa mujibu wa kanuni za 2020. Vinavyofuata hulipiwa kwa M-Pesa. Kama ni kwa ajili ya kazi, kiombe mwishoni, baada ya cheti cha polisi na kile cha kodi cha KRA, kwa sababu waajiri hutaka chenye tarehe ya karibuni.

Usidanganyike kwamba cheti kimefuta historia. Kinasema hudaiwi leo. Taarifa kwamba uliwahi kukwama hubaki kwa miaka 5, na miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ulipomaliza kulipa. Benki inaweza kukiona cheti chako na bado ikasema la.

Kama ulitangazwa mufilisi mahakamani

Hii ni njia ya wachache. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, aliyetangazwa mufilisi huachiliwa baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa ya mali na madeni yake, mradi hakuna aliyepinga. Asiye na mali yoyote na mwenye madeni ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 4 anaweza kuomba utaratibu mwepesi zaidi wa miezi 12 kwa Mpokezi Rasmi, ambaye yuko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Ukichelewa kuwasilisha taarifa ya mali, hiyo miaka 3 haianzi kuhesabiwa. Ukiachiliwa, pata uthibitisho wa maandishi, utume kwa kila mkopeshaji na kila CRB, ukidai akaunti zile zisiendelee kuonyesha salio. Matunzo ya watoto na deni lililopatikana kwa ulaghai hayafutiki kwa njia hii.

Kujenga upya

Alama za Metropol, zinazopima jinsi unavyoaminika kulipa mikopo, huanzia 200 hadi 900, na chini ya 400 unahesabiwa kama mtu aliyeshindwa kulipa. Kuzipandisha kunahitaji mikopo midogo inayolipwa kwa wakati, si kukaa bila mkopo. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali unaoupata kwa *254#, ilianzishwa Novemba 2022 ikilenga hata waliofungiwa na benki: huanza na shilingi 500, riba ni asilimia 8 kwa mwaka na muda ni siku 14. Jenga mazoea ya kulipa siku ya kumi, usingoje ya kumi na nne.

Kwa maoni yangu, Sacco ndiyo njia bora kwa mwenye subira. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, na akiba hiyo hujengwa bila mtu kuuliza alama zako. Changamoto ni wadhamini, kwani wakikudhamini nawe ukakwama, wao ndio watakatwa. Mkopo wa kwanza uombe usiozidi akiba yako mwenyewe, usimhitaji mtu.

Epuka programu tano za mikopo kwa wakati mmoja, hata zile zenye leseni ya Benki Kuu chini ya kanuni za 2022. Na ile barua ya kumaliza deni, pamoja na picha ya ujumbe wa M-Pesa, ihifadhi mpaka miaka yote 5 iishe. Simu hupotea, hivyo jitumie nakala kwa barua pepe.