Maziwa Yamekuwa Mepesi? Anzia Kwenye Hori

Masika yakishika huku Rungwe, majani yanafurika na ndoo zinajaa. Ndipo lawama zinapoanza: chai haikolei, malai hayaonekani. Mteja mmoja alinirudishia chupa mbele ya watu akidai nimetia maji. Sikutia hata tone, na iliniuma sana. Kosa lilikuwa kwenye hori. Mfugaji mwenzangu, nilirekebisha hivi.

Hatua ya 1: Pima kabla hujagusa chakula. Kamua mpaka kiwele kilegee, changanya maziwa yote, jaza chupa nyembamba. Maziwa ya mwanzo wa kukamua yana mafuta machache, ya mwisho ndiyo mazito. Ukimwachia ndama ya mwisho, unauza mepesi. Laza chupa usiku mmoja penye baridi, ikiwa wima, kisha chora alama pale malai yanapoishia. Laktomita, kile kifaa cha kupimia uzito wa maziwa, haitakuonyesha tatizo hili. Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo yakipungua kipimo hupanda. Maji ndiyo hukishusha.

Hatua ya 2: Tazama ng'ombe wanaocheua. Nenda taratibu bandani wakati wamepumzika. Kati ya waliolala, angalau nusu wawe wanacheua. Wangu walikuwa wametulia tu, midomo kimya, kinyesi kama uji.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Vijidudu vya tumboni huvunja nyuzinyuzi za majani na kutoa asidi asetiki, na kiwele huitumia kutengeneza mafuta. Pumba na nafaka hutoa zaidi asidi propioniki, inayogeuzwa kuwa sukari ya maziwa. Sukari huvuta maji, ndoo inajaa. Pumba zikizidi, tumbo linachachuka na vijidudu vya nyuzinyuzi vinadhoofika. Dawa yake ni mate, yanayopunguza uchachu huo, na mate mengi huja kwa kucheua.

Hatua ya 3: Tanguliza majani makavu. Mabingobingo machanga ni maji matupu. Subiri yafike kama mita 1, yakate, yaache yanyauke nusu siku. Asubuhi anza na nyasi kavu au mabua ya mahindi, pumba zifuate. Vipande viwe sentimita 3 hadi 5. Nimeona watu wanasaga majani mpaka yanakuwa kama chenga; ng'ombe anameza tu, hana cha kucheua.

Hatua ya 4: Gawanya pumba. Usizikate ghafla, maziwa yatashuka. Kama unampa kilo 6 kwa siku, mpe mara 3 au 4, isizidi kilo 2 kwa mkupuo. Mashudu ya alizeti yana protini nzuri, lakini yaliyokamuliwa kienyeji hubaki na mafuta mengi, na mafuta hayo yakizidi hukwamisha vijidudu. Usidhani ukimlisha mafuta mengi atakupa maziwa yenye mafuta mengi.

Hatua ya 5: Rudi kwenye chupa. Pima kila wiki, saa ileile, chupa ileile. Mafuta hubadilika ndani ya wiki 1 hadi 3. Protini husogea kidogo na polepole. Sukari karibu haisogei. Usimlinganishe Friesian wako na Jersey wa jirani, maana mafuta ya Jersey hukaribia asilimia 5 kwa asili yake.

Wiki 3 zikipita na tabaka la malai halijaongezeka wakati wanacheua vizuri, acha hori na ukague kiwele: ugonjwa wa kiwele nao hupunguza mafuta.