Jinsi ya Kuutambua Mtufaha-Mwitu wa Kweli

Usianze na ukubwa wa tunda. Watu wakiona tufaha lisilofika kipenyo cha sentimita 5 husema papo hapo ni la mwitu, kumbe mti umeota tu kutokana na mbegu ya tufaha la kawaida lililoliwa na kutupwa. Mbegu ya tufaha haitoi mti unaofanana na mama yake. Panda kumi za tunda moja, utapata miti kumi tofauti, na mmojawapo huenda ukazaa vitunda vidogo vikali.

Mimi huanza na jani, tena upande wa chini. Chuma lililokomaa, kwa sababu majani machanga huwa na vinyweleo hata kwenye mti wa mwitu. Lielekeze kwenye mwanga, ulipapase taratibu kwa kidole gumba. Likiwa tupu, bila manyoya, huenda umepata Malus sylvestris, mtufaha-mwitu wa Ulaya. Ukigusa ulaini kama wa flana, huko Ulaya mti huo huenda una asili ya shambani. Yakiwapo manyoya machache kandokando ya mshipa mkuu, shuku chotara. Nyuki hubeba chavua kutoka bustanini hadi msituni kila msimu.

Niliwahi kukusanya mbegu za mti wenye miiba na matunda makali nikiamini ni wa mwitu. Baadaye niligeuza majani yake: yote yana manyoya. Tangu hapo siamini mwiba peke yake.

Sasa geuza tunda, utazame kitako. Kwa kawaida utaona masalia ya ua, vijani vitano vilivyokauka. Malus baccata wa Siberia huviangusha tunda linapoiva, pakabaki kovu safi la mviringo. Tunda lake lina upana wa takriban sentimita 1 na huning'inia kwenye kikonyo kirefu, chembamba.

Ukifika milima ya Tian Shan, ukubwa utakupotosha kinyume chake. Malus sieversii wa Kazakhstan, mzazi mkuu wa matufaha tunayokula, huweza kuzaa matunda makubwa kama ya sokoni, naye ni wa mwitu kabisa.

Kabla ya kuondoka, chuma majani matatu au manne kutoka pande tofauti za mti, yabane katikati ya magazeti, na uandike tarehe na mahali. Rudi mti ukichanua, upige picha ya maua kwa karibu, kikonyo kikionekana.