Gari zee linachemsha mlimani? Anza na mfuniko wa rejeta

Corolla yangu imepita kilomita 340,000. Mwaka juzi ilianza kuchemsha kila nikipanda kilima cha Bugando hapa Mwanza na watu wanne ndani, lakini njia ya uwanja wa ndege mshale wa joto hautikisiki. Gereji niliyoiendea ikasema gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imekufa, injini ifunguliwe. Nikarudi nyumbani Nyakato, nikaanza na vitu vya bei ndogo.

1. Injini ipoe kwanza. Saa nzima, mpaka ushike paipu ya juu ya rejeta bila kurudisha mkono. Mfuniko ukifunguliwa na moto, maji yanakurukia usoni.

2. Kagua mfuniko. Watu huudharau, wanauona kizibo tu, kumbe ndio unaobana presha. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuriani huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima wenye alama ya 0.9, yaani kipimo cha presha unayobana, huyazuia yasichemke mpaka yapite nyuzi 115. Geuza uangalie mpira wa ndani: wangu ulikuwa umekauka na kupasuka kama ganda la muhogo. Nunua wenye namba ileile. Ukiweka wa 1.1 kwenye rejeta ya zamani, unaitafutia kuvuja.

3. Mulika rejeta kwa tochi kutoka nyuma. Wa kando ya ziwa tunawajua wale wadudu wanaopaa kama moshi juu ya maji. Ukikutana nao usiku barabara ya Musoma, asubuhi mapezi ya rejeta (vile vibati vyembamba vya kupitisha hewa) yamezibwa na mabaki yao, kama uji mkavu. Osha kwa mpira wa maji wa kawaida, ukisukuma kutoka upande wa injini kuja nje. Mashine ya kuoshea magari itakunja mapezi.

4. Toa thamostati uipime. Ni vali inayofunguka injini ikipata joto, ipitishe maji kwenda kwenye rejeta. Nyingi zimegongwa namba 82, yaani kwenye nyuzi hizo inaanza kufunguka. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni (si ile ya ugali, utagombana na watu). Maji yakitokota na bado haijafunguka, tupa, weka mpya. Mafundi wengi watakwambia, "Ng'oa kabisa, nchi yetu ya joto." Mimi sikubali. Injini inachelewa kupata joto lake na inakunywa mafuta.

5. Mwaga maji yote, suuza mpaka yatoke meupe, jaza kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini. Ile ya zamani ikinge kwenye beseni: ina ladha tamu na ni sumu, mbuzi wa jirani atailamba.

6. Toa hewa. Hapa vilima vyetu vinasaidia: egesha pua ikitazama juu, weka mawe nyuma ya matairi, vuta hendibreki. Mfuniko ukiwa wazi na injini bado baridi, washa, weka hita kwenye joto la mwisho. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, ongeza kidogo kidogo. Mapovu yasipokoma, au kijiti cha oili kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, basi ni gasketi kweli. Zima, mwite fundi.

Yangu yalikoma baada ya robo saa. Jioni nikapakia watu wanne, nikapanda Bugando. Mshale ukafika katikati, ukakaa hapohapo.