Kuingia VPN ya FortiGate kwa akaunti ya Microsoft Entra ID

Mwongozo huu unaunganisha FortiGate, fayawoli ya Fortinet, na Entra ID, huduma ya Microsoft ya akaunti za watumiaji, kwa SAML, njia ya mfumo mmoja kuuthibitishia mwingine nani anaingia. Ni wa FortiOS (mfumo endeshi wa FortiGate) 7.2 na 7.4. Toleo 7.6.3 limeondoa SSL VPN ya handaki (tunnel mode), kwa hiyo ukiwa huko nenda moja kwa moja kwenye IPsec, aina nyingine ya VPN.

1. Ndani ya Entra, ongeza programu ya FortiGate SSL VPN, kisha jaza anuani, kila moja ikianza na anuani ya VPN yako: `/remote/saml/metadata` ya utambulisho, `/remote/saml/login` ya majibu, `/remote/saml/logout` ya kutoka. VPN ikitumia poti 10443, namba hiyo iandikwe kwenye kila anuani, upande wa Entra na wa FortiGate.

2. Pakua cheti cha Base64 kutoka Entra, kipakie FortiGate. Kwa kawaida kinadumu miaka 3. Tarehe ya mwisho iingie kwenye kalenda ya timu nzima leo hii.

3. Tengeneza seva kwa `config user saml`. Amri ni bora kuliko kubofyabofya, maana kila herufi unaiona. `idp-entity-id`, yaani kitambulisho cha Entra, huishia na mkwaju (/), usiukate.

4. Makundi ndipo wengi wanapokwama. Mtu anaandika nywila sahihi, anathibitisha kwenye simu, halafu anakataliwa. Entra haitumi jina "Wahasibu", inatuma Object ID, ile mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Hiyo ndiyo ya kuweka kwenye `set group-name` chini ya `config match`. Halafu kagua jina la sifa (attribute) inayobeba makundi: ukiandika `group` upande wa Entra, FortiGate nayo iwe `group`, si `Group` wala `groups`. Na kama anayekataliwa ni mmoja tu, tena mfanyakazi wa siku nyingi, hesabu makundi yake. Yakizidi 150, Entra haiyaorodheshi tena kwenye jibu la SAML. Chagua itume makundi yaliyopewa programu hii pekee.

5. FortiGate husubiri sekunde 5 tu, na hakuna anayewahi kutoa simu mfukoni na kuthibitisha kwa muda huo:

`config system global`
`set remoteauthtimeout 60`
`end`

6. Lipe kundi portal yake (mipangilio ya VPN watakayoipata), kisha liweke kwenye sera ya fayawoli.

Jaribu huku umewasha `diagnose debug application samld -1` na `diagnose debug enable`. Ukiona "unknown to #LassoServer", rudi kwenye ule mkwaju wa hatua ya 3. Ikilalamikia sahihi ya ujumbe, cheti ulichopakia sicho.