Salmonella kwenye samaki wa ziwa kwa PCR: ukipata hasi, ithibitishe kwanza

Mwongozo huu ni wa maabara ndogo inayopokea ngege wabichi kutoka Dunga (ufuo wa wavuvi Kisumu), minofu ya mbuta au omena wa gunia, na inatafuta bakteria wa Salmonella kwa PCR, yaani kipimo kinachonakili kipande cha DNA hadi kionekane. Jeni inayotafutwa ni invA, ya Salmonella. Kushika pipeti na kumwaga jeli unajua, kwa hivyo hapo tutapita haraka.

1. Kuotesha

Tia gramu 25 za samaki kwenye mililita 225 za maji ya peptoni yenye bafa, ponda, kisha acha kwenye inkubeta nyuzi 37 kwa saa 18. Omena ni wakavu, waloweke humo nusu saa kabla ya kuponda. Usiruke hatua hii, ndiyo inayozidisha bakteria walio hai. PCR husoma DNA ya bakteria mfu sawa na ya aliye hai, na kama sampuli ina seli tatu nne tu, hazitafika kwenye mikrolita 2 unazopima. Stima ikipotea, hamishia chupa kwenye kasha la kuhifadhi joto lenye maji ya nyuzi 37.

2. Kutoa DNA

Chukua mililita 1 bila utando wa mafuta ulio juu. Zungusha kwa sentrifuji, 10,000 g, dakika 5. Osha mashapo mara moja, yachanganye na mikrolita 200 za maji safi ya PCR, pasha moto wa kuchemka dakika 10, barafu dakika 5, zungusha tena. Tumia maji ya juu pekee. Kisumu maji huchemka karibu nyuzi 96, Nakuru chini ya hapo. Bado seli hupasuka, lakini kitalu cha kupashia mirija kinadhibitika kuliko sufuria, na vifuniko havifyatuki ovyo.

3. Mchanganyiko

Kwa mrija wa mikrolita 25: miksi ya 2x 12.5, kila praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha unakili; mikromola 10) 1, maji 8.5, DNA 2. Praima ni GTGAAATTATCGCCACGTTCGGGCAA na TCATCGCACCGTCAAAGGAACC. Nyuzi 95 dakika 3. Mizunguko 35 ya 95, 60 na 72, sekunde 30 kila moja. Mwisho 72 dakika 5.

4. Mrija wa kupimia kizuizi

Hapa ndipo majibu ya uongo huzaliwa. Damu ya matamvua, mafuta ya mbuta na mabaki ya peptoni hukaba polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA; hicho ndicho kizuizi. Jeli hutoka safi, nawe unaandika "hakuna Salmonella" wakati kipimo hakikufanya kazi kabisa. Mrija chanya wa kawaida hauwezi kukuonya, kwani hauna uchafu wa samaki ndani yake.

Kwa hiyo kila sampuli ipewe mirija miwili. Wa kwanza ni kama kawaida. Wa pili una DNA ileile ya sampuli, ila mikrolita 1 ya maji imebadilishwa na mikrolita 1 ya DNA ya Salmonella inayojulikana. Wengi hukosea kiasi: wakitia DNA nyingi, inashinda kizuizi na kila kitu kinaonekana kizuri. Punguza DNA hiyo mara kumi, mara kumi, hadi mstari upotee kwenye jeli. Rudi kwenye kiwango cha mwisho kilichoonekana, kisha tumia chenye nguvu mara kumi ya hicho.

Mrija wa pili ukikosa mstari, jibu si hasi, halipo. Punguza DNA ya sampuli 1:10 urudie mirija yote miwili. Bado? Badilisha mikrolita 1 nyingine ya maji kwa albumini ya ng'ombe, miligramu 10 kwa mililita. Ikishindikana, basi ndipo ununue kifurushi cha kusafisha DNA. Kuanzia nacho kwa kila ngege ni kuchoma pesa.

Na tahadhari: DNA ya Salmonella ifunguliwe mwisho, kwenye meza nyingine, mirija ya kwanza yote ikiwa imeshafungwa. Tumia ncha zenye kichujio. Mrija wa maji matupu (usiotiwa DNA yoyote) ukitoa mstari, tupa matokeo yote ya siku hiyo.

5. Kusoma

Agarosi asilimia 2, ngazi ya DNA ya jozi za besi 100. Mstari wako ni jozi za besi 284.

Chupa ya peptoni ibaki kwenye friji hadi jeli isomwe. Sampuli ikiwa chanya, hamisha mililita 0.1 kwenye mililita 10 za mchuzi wa RVS (Rappaport-Vassiliadis, wa kuoteshea Salmonella), nyuzi 41.5, saa 24, kisha paka kwenye agari ya XLD utafute makoloni yenye kitovu cheusi.